Nimefuta picha kwenye simu, zimetoweka hadi mtandaoni. Mafaili ya duka yako salama?

*"Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Profoma, picha za risiti za EFD, orodha ya wadaiwa ya Excel, mkataba wa fremu, pamoja na picha za watoto tangu wazaliwe, vyote viko Google Drive na Google Photos kwenye akaunti moja ya Gmail. Akaunti alinifungulia kijana aliyekuwa akinisaidia dukani miaka minne iliyopita. Ameshahamia Dar, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye akaunti ni yake. Wiki iliyopita ulikuja ujumbe kwamba nafasi imejaa na barua pepe hazitaingia tena. Nikafuta picha za zamani kwenye simu ili kupunguza mzigo, nikijua mtandaoni zimebaki. Kufungua kompyuta, hazipo. Mume wangu anasema mambo ya wingu ni utapeli, turudi kwenye flashi na daftari. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mtu anauza terabaiti za Drive 'za maisha' kwa shilingi 30,000. Nichukue? Na nitajuaje kama mafaili yangu yako salama?"*

Pole sana dada yangu. Kabla hujasoma maelezo yangu marefu, chukua simu, fungua Google Photos, ingia sehemu ya Tupio. Picha iliyokuwa imeshapanda mtandaoni ikifutwa hukaa humo siku 60 kabla ya kuondolewa moja kwa moja, na wewe umefuta wiki iliyopita tu. Bonyeza picha moja na kuishikilia mpaka iwekewe alama, chagua na nyingine unazozitaka, kisha zirejeshe. Zitarudi kwenye simu na kwenye kompyuta pia. Usikubali mtu akushawishi kumwaga tupio ili upate nafasi. Nafasi tutaitafuta kwingine.

Ukishamaliza, rudi tuendelee, maana kwenye swali lako kuna jambo linalonitia hofu kuliko hizo picha, nalo umelitaja kwa kupita tu: namba ya simu ya yule kijana.

Watu wengi wanaoniuliza habari za wingu huogopa kwamba mitambo ya Google au Microsoft itaharibika na kila kitu kupotea. Wingu ni majengo yaliyojaa kompyuta, na faili lako huandikwa kwenye diski zaidi ya moja, ili moja ikifa jingine lisomwe. Majengo yenyewe huweza kupata ajali. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja waliopoteza data kwa sababu hata nakala zao za akiba zilikuwa papo hapo. Lakini mwenye duka Mwanza hapotezi mafaili kwa moto wa Ufaransa. Anayapoteza kwa kufuta bila kujua, au kwa kufungiwa nje ya akaunti yake mwenyewe. La kwanza limeshakupata. La pili liko mlangoni.

Google haina habari kwamba duka ni lako. Inachojua ni kuwa mwenye nenosiri, au anayeweza kupokea ujumbe kwenye namba ya kurejesha akaunti, ndiye mwenyewe. Kesho simu yako ikiibiwa sokoni na ukasahau nenosiri, msimbo wa kuthibitisha utakwenda kwa kijana aliyeko Dar. Naye huenda ni mtu mwema kabisa na atakutumia. Ila laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na namba yake baadaye hupewa mteja mwingine. Hapo msimbo wa duka lako utaingia kwenye simu ya mtu usiyemjua, na wewe huna wa kumpigia.

Kwa hiyo leo, si wikiendi, kaa na simu au kompyuta unayoitumia siku zote. Nasisitiza hiyo unayoitumia siku zote, kwa sababu mabadiliko haya yakifanywa kwenye kifaa kigeni mfumo hushtuka na unaweza kukuzuia. Ingia myaccount.google.com, nenda sehemu ya Usalama. Badilisha namba ya kurejesha akaunti iwe ya laini iliyosajiliwa kwa alama yako ya kidole, weka na barua pepe ya pili ya kurejesha, ya mumeo kwa mfano. Badilisha nenosiri. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti: simu usiyoitambua, au ile ya zamani ya yule kijana, itoe. Usishangae ukiambiwa kwamba namba ya zamani inaweza kuendelea kupokea misimbo kwa siku 7 baada ya kuibadilisha. Ni kinga ya mwenye akaunti endapo mwizi ndiye anayebadilisha, na kwako wewe ni sababu ya kumpigia kijana simu ya kistaarabu umweleze unachofanya, ili akipata ujumbe aupuuze. Hujamtuhumu chochote.

Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mtu akiingia, mbali na nenosiri, adaiwe na uthibitisho wa pili kama msimbo. Ukiwasha, Google itakuruhusu kuchapisha misimbo ya akiba 10, kila mmoja una tarakimu 8 na unatumika mara moja tu. Ichapishe kwenye karatasi, uiweke nyumbani pamoja na leseni ya biashara na cheti cha TIN. Usiipige picha ukaihifadhi kwenye Drive ile ile. Nimekutana na watu waliofungia ufunguo ndani ya chumba kwa mtindo huo.

Sasa tuje kwenye picha zilizotoweka, ili lisijirudie. Huduma hizi zina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kusawazisha: ulichonacho kwenye simu kionekane vile vile kwenye kompyuta na mtandaoni. Hiki ni kioo. Ukiongeza picha huku inaonekana kule, ukiifuta huku inafutika kule. Google Photos, folda ya Drive kwenye kompyuta, OneDrive ya Microsoft na Dropbox, zote hufanya kazi hivyo zinapokuwa zimeunganishwa. Kazi ya pili ni nakala ya akiba, yaani nakala iliyokaa kando, isiyofuata unachokifanya kwenye ile ya kila siku. Wewe uliamini unayo ya pili, kumbe ulikuwa na ya kwanza peke yake.

Google Photos ina kitufe maalumu cha kupunguza mzigo wa simu. Gusa picha yako ya akaunti juu kulia, utaona chaguo la kuongeza nafasi kwenye kifaa hiki. Hilo huondoa kwenye simu zile tu ambazo zimeshapanda, na kuziacha mtandaoni. Kufuta kwa alama ya pipa ni jambo jingine kabisa, na kabla ya kufuta programu huonyesha onyo kwamba picha itaondoka kwenye akaunti na kwenye vifaa vyote vilivyosawazishwa. Sote tunalipita lile onyo kwa kidole bila kulisoma.

Kujaa kwa nafasi nako kuna maelezo. Akaunti ya bure ya Google hupewa GB 15, na hizo si za Drive peke yake. Gmail, Drive na Google Photos wanakula sahani moja. Zamani picha za ubora wa kawaida zilikuwa hazihesabiwi, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inayopanda inahesabiwa. Na kuna mlaji wa nne ambaye wenye maduka hawamfikirii: WhatsApp. Kwenye simu za Android, nakala za mazungumzo ya WhatsApp zilikuwa hazigusi zile GB 15. Utaratibu huo ulianza kuondolewa mwishoni mwa 2023, na katika 2024 ukaenea kwa watumiaji wote. Hebu fikiria video za salamu za asubuhi, mahubiri, vichekesho na matangazo ya vigae yanayoingia kwenye magrupu yako kila siku. Kama nakala yako inajumuisha video, vyote vinapanda usiku na kukalia nafasi ya mkataba wako wa fremu.

Fungua one.google.com/storage uone nani anakula kiasi gani. Kisha nenda mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya nakala ya mazungumzo, uzime video. Nakala inayofuata itakuwa nyepesi zaidi. Gmail nayo itafute viambatisho vizito: andika *has:attachment larger:10M* kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukishafuta usivyovihitaji kwenye Gmail na Drive, hapo ndipo umwage tupio la Gmail na la Drive, maana vilivyomo bado vinahesabiwa. La Photos liache lilivyo mpaka uwe na uhakika picha zote zimerudi. Na ufanye hivi mapema, kwa sababu akaunti iliyojaa haipokei barua pepe. Msambazaji wako wa mabati akituma profoma, inamrudia.

Mumeo amekosea nusu na amepatia nusu. Amepatia kwamba kuwa na nakala mahali pamoja pasipo mkononi mwako ni hatari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Mafaili yalikuwepo salama salimini, ila mteja aliyesimama kaunta hawezi kungoja waya urekebishwe. Kwa hiyo ile orodha ya wadaiwa iwekee alama ya kupatikana nje ya mtandao kwenye simu na kwenye kompyuta ya dukani. Fundi wa Buswelu akija kudai kuwa alishalipa ile mifuko 12 ya saruji, unafungua hapo hapo.

Alipokosea ni kuiamini flashi. Flashi hupotea, huingia maji, hufa bila kuaga. Isitoshe soko limejaa flashi za uongo: imeandikwa terabaiti 2 (terabaiti moja ni kama GB 1,000), ndani kuna GB 32, na programu yake imechezewa ili kompyuta ione uongo ule ule. Unakopi, majina ya mafaili yanaonekana vizuri, lakini kilichozidi uwezo halisi ni takataka. Niliwahi kuletewa moja yenye picha za send-off. Za mwanzo zilifunguka, zilizobaki zilikuwa majina matupu. Kama mnataka kitu cha kushika mkononi, na mimi naunga mkono, nunueni diski ya nje ya terabaiti 1 kwenye duka linalotoa risiti na dhamana. Ijaribuni kwa kuijaza na kufungua mafaili yaliyoingia mwisho. Halafu ikae nyumbani. Ikikaa dukani, mwizi au moto utaondoka na kompyuta na akiba yake kwa mkupuo mmoja. Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 2021, na karatasi au diski iliyoachwa ndani ya fremu haina mjadala na moto. Pia ichomeke wakati wa kukopi tu, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia hufunga chochote kilichounganishwa.

Cha kukopi humo utakipata kwa huduma ya Google Takeout, takeout.google.com. Unachagua Drive na Photos, Google inakukusanyia vyote katika vifurushi vya kupakua, na yale mafaili yaliyotengenezwa ndani ya Google Docs na Sheets inayageuza kuwa Word na Excel. Hili ni muhimu, kwa sababu Google Docs unayoiona kwenye folda ya kompyuta mara nyingi ni linki tu. Ukiikopi kwenye diski umekopi linki. Chagua vifurushi vya GB 1 au 2 ili intaneti ikikatika usianze upya. Kwa kasi ya Mbps 4, GB 15 zitachukua takriban saa nane na nusu, kwa hiyo tumia bando la usiku na usichelewe, kwa maana linki za kupakua hudumu kama wiki moja. Ukifanya hivi kila mwisho wa mwezi unapofunga hesabu, inatosha kwa duka la ukubwa wako.

Kuhusu terabaiti za maisha kwa 30,000: usichukue. Kwa kawaida muuzaji wa namna hiyo anakuingiza kwenye akaunti au folda ya pamoja iliyo chini ya chuo au kampuni fulani, mara nyingi bila ya wao kujua. Msimamizi wa chuo hicho anaweza kuona, kufunga au kufuta, na siku akigundua hatakutafuta kukuaga. Google yenyewe ilishaondoa nafasi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu, na wasimamizi sasa wanakagua nani anajaza nini. Muuzaji atakuwa amebadilisha jina la grupu.

Ukihitaji nafasi zaidi, lipia kwa mwenye huduma. Google One ina kifurushi cha GB 100 ambacho kwa mafaili ya Excel, PDF na picha za risiti kitakutosha kwa miaka. Kama tayari mnatumia Excel sana na mnafikiria kununua leseni halali ya Office, angalia Microsoft 365 Personal, kwa sababu inakuja na terabaiti 1 ya OneDrive na programu zenyewe, hivyo hesabu huenda ikakaa vizuri kuliko kulipa pawili. Dropbox ya bure ni GB 2 tu, iCloud ya Apple GB 5 na OneDrive ya bure GB 5. Ukiacha kulipa, mafaili hayafutwi kesho yake, ila huongezi kitu, na kwa Google akaunti ikikaa imezidi kikomo kwa miaka 2 inaweza kufutiwa vilivyomo. Vivyo hivyo akaunti ambayo haikuguswa kabisa kwa miaka 2.

Na tafadhali tenganisha duka na watoto. Fungua akaunti ya pili kwa ajili ya biashara, yenye jina la duka, kwa namba yako. Hamishia huko profoma, risiti, wadaiwa na mikataba. Siku mfanyakazi akihitaji orodha, mpe ruhusa kwenye faili lile moja kupitia barua pepe yake, na siku akiondoka mwondoe. Nenosiri la akaunti nzima asipewe mtu. Usitumie pia chaguo la "mtu yeyote mwenye linki", kwani linki hutumwa mbele na grupu zima likaja kujua nani anadaiwa. Nafikiri hujahitaji bado Google Workspace, ambayo humfanya mwenye kampuni amiliki mafaili ya kila mfanyakazi na kuyahamisha anapoondoka. Ukifika wafanyakazi watano wenye kompyuta, tuzungumze tena.

Kuna faida moja ya wingu ambayo daftari na flashi hazina. Mfanyakazi akiharibu orodha ya wadaiwa, akafuta safu nzima na kuhifadhi, Drive inatunza matoleo ya nyuma ya faili la Excel kwa siku 30. Unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili, unafungua matoleo, unapakua la jana. Na risiti za EFD: karatasi yake huchapwa kwa joto, maandishi yanafifia ndani ya droo, ilhali sheria ya usimamizi wa kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5 angalau. Endelea kuzipiga picha siku ile ile.

Kama unahifadhi nakala za vitambulisho vya NIDA vya wateja wa mkopo, hizo ni taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za namna hii wajisajili kwenye Tume, na ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi, ambako ndiko seva nyingi za wingu ziliko. Waulize Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi moja kwa moja au mwanasheria wa biashara. Hilo silo la kujibiwa na mtu wa kompyuta. Nakala usizozihitaji tena, zifute.

Mtafute mtu wa ana kwa ana endapo mojawapo ya haya yatatokea. Ukishindwa kuingia kwenye akaunti, usijaribu kubahatisha mara nyingi wala usimlipe mtu wa mtandaoni anayejidai ana rafiki Google. Kaa na mtu unayemwamini, kwenye kifaa na intaneti uliyozoea kutumia, mfuate utaratibu wa kurejesha akaunti hatua kwa hatua. Simu ikikosa mtandao ghafla huku wengine wanao, nenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho chako siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda tapeli amehamishia namba yako kwenye laini yake. Diski ikianza kugonga ndani au kompyuta ikidai iformatiwe, chomoa, usibonyeze chochote, mpelekee fundi wa kurejesha data. Mwambie mapema kwamba unataka mafaili kwanza, kompyuta baadaye, na akihitaji nenosiri uliandike mwenyewe ukiwa umekaa pale.